Zanzibar na watoto, kutoka Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Julai iliyopita tulifunga nyumba yetu Kampemba, tukamwachia jirani funguo, tukaenda Unguja: baba, mama na watoto watatu, mmoja wa miaka kumi na tatu, mmoja wa tisa, na kitinda mimba wa minne. Tangu turudi, kila Jumapili baada ya misa nasimamishwa getini. Mama, mulipita njia gani? Mama, batoto hawakugonjwa? Mama, kule beko nakula bukari? Bukari ndiyo ugali wetu. Nimechoka kurudia, basi nimeandika. Bei nilizotaja ni zile tulizolipa sisi; kabla hamjafunga mizigo ulizeni tena.

Zanzibar ni kisiwa au ni nchi?

Ni visiwa. Vikubwa ni viwili, Unguja na Pemba, na vidogo vingi vimevizunguka. Mtu akikwambia amekwenda Zanzibar likizo, karibu kila mara amekwenda Unguja. Zanzibar iliungana na Tanganyika mwaka 1964, ikawa Tanzania, lakini ina rais wake na serikali yake. Ndiyo maana ukitoka Dar es Salaam kwa boti, ndani ya nchi ile ile, bado unaonyesha pasipoti bandarini. Msishangae wala msigombane na afisa.

Unguja si kubwa. Kutoka mjini hadi ufuko wa mbali kabisa ni kama saa moja na nusu kwa gari. Kwa wenye watoto hilo ni jambo zuri, maana hakuna siku inayoishia barabarani.

Twende mwezi gani?

Julai na Agosti, wakati shule zimefungwa. Bahati nzuri kalenda ya shule zetu inaangukia kwenye miezi yao mizuri: mvua kubwa ya masika, Machi hadi Mei, imekwisha, ya vuli bado, na upepo wa kusi unapunguza joto. Tuliondoka Lubumbashi asubuhi ya baridi ile ya Julai inayokausha midomo, watoto wamevaa sweta mbili mbili. Kufika pwani, hewa ilikuwa nzito kama mvuke wa sufuria. Sweta zilirudi begani kwangu, na ndiko zilikokaa wiki nzima.

Kusi ina ubaya wake pia: baharini mawimbi ni makubwa. Nitalisema kwenye boti.

Julai hiyo hiyo, kule Makunduchi kusini mwa kisiwa, husherehekewa Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa Washirazi. Wanaume wanapigana kwa migomba kumaliza kinyongo cha mwaka mzima, kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto. Tarehe yake uliza mwenyeji wako. Mwezi wa Ramadhani ningewashauri msubiri. Mchana migahawa mingi inafungwa, kula hadharani hakukubaliki, na mtoto wa miaka minne haelewi saumu.

Njia gani ni bora, ndege au barabara?

Inategemea mfuko na umri wa watoto.

Kwa ndege mnatoka Luano, uwanja wetu wa ndege, na kubadilisha Nairobi au Addis-Abeba, kutegemea shirika. Zipo safari zinazowafikisha Zanzibar moja kwa moja kutoka miji hiyo. Sisi tulipopiga hesabu ya watu watano, tiketi za kuishia Dar es Salaam zilikuwa nafuu, kwa hiyo tukashuka Dar tukamalizia kwa boti. Ulizeni kama Go-Pass, ushuru wa uwanja wa ndege, imo ndani ya tiketi; sisi tuliilipa kando, dola 50 kwa kichwa, na kwa vichwa vitano hiyo ni pesa ya kupanga mapema. Wa miaka tisa aliposikia tunapita Kenya alisema, "Lakini Kenya iko hapa pembeni, si tunaenda soko kule?" Ilibidi nimweleze kwamba kuna Kenya nyingine, kubwa kidogo kuliko ile komini ya Lubumbashi yenye jina hilo.

Barabara sijaipita mimi, ameipita shemeji yangu na familia yake, na ninasema yake. Ni kilomita kama 2,000: Kasumbalesa, Kitwe, Kapiri Mposhi, Serenje, Mpika, mpaka wa Nakonde na Tunduma, kisha Mbeya, Iringa, Morogoro, Dar. Ndiyo njia ya malori ya shaba yetu, na foleni ya Kasumbalesa mnaijua. Walitumia siku tatu. Anasema watoto walivumilia kwa sababu moja tu: kabla ya Morogoro barabara kuu inakatiza hifadhi ya Mikumi, na kutoka dirisha la basi waliona twiga na tembo bila kulipa kiingilio. Yeye angerudia safari hiyo. Mke wake hataki kusikia.

Treni ya TAZARA, ile Wachina walioijenga miaka ya 1970 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar, kilomita 1,860, ni ndoto ya baba wengi ninaowajua. Ni safari nzuri kwa mtu asiye na haraka. Mwenye siku kumi za likizo na mtoto wa nepi asiitegemee.

Hati gani zinahitajika?

Pasipoti kwa kila mtoto, hata mchanga. Kwa wasomaji wa Goma na Bukavu: kile kikaratasi cha CEPGL mnachovukia kwenda Rwanda na Burundi hakiwafikishi Tanzania.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Hapa sina mzaha. Kongo iko kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo na Tanzania inadai kadi. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari, na tangu 2016 inahesabiwa ya maisha, kwa hiyo kadi ya zamani isitupwe. Pale uwanjani niliona familia imetengwa pembeni kwa sababu kadi ya mtoto mmoja ilibaki kwenye mkoba mwingine, ulioingia tumboni mwa ndege. Kadi zote tano mimi nilizifunga kwa mpira wa nywele, nikazitia kifuani.

Kama mzazi mmoja anabaki, tafuteni ruhusa ya maandishi yenye sahihi yake iliyothibitishwa. Watu wa DGM, idara yetu ya uhamiaji, wataiuliza, na wana haki. Mambo ya viza ulizeni ubalozi mdogo wa Tanzania ulio hapa Lubumbashi: tangu 2022 sisi ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na masharti yamekuwa yakibadilika. Wa barabarani muulizie na ya Zambia.

Kuna na bima. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, inayolipiwa kwenye intaneti. Ilipoanza ilikuwa dola 44 kwa mtu mzima. Bima mliyonunua kwingine haichukui nafasi yake.

Boti ya Dar kwenda Unguja ikoje?

Ni kama saa mbili. Ni boti kubwa za kasi, zina viti kama vya ndege na televisheni. Mgeni ana bei yake, juu ya ile ya mwenyeji. Daraja la kawaida tulilipa dola 35 mtu mzima.

Mambo matatu. La kwanza, saa. Nyumbani tumezoea kutaja saa kwa Kifaransa, na watoto wa shule hawajui nyingine. Tanzania wanahesabu tangu macheo: boti ya saa moja asubuhi inaondoka pale sisi tunaposema sept heures, yaani 7:00. Zaidi ya hapo, Dar iko mbele ya Lubumbashi kwa saa nzima. Binti yangu mkubwa alifanya hesabu zote mbili kichwani, akakosea zote mbili, akatuamsha saa tisa usiku.

La pili, tiketi. Nunueni ndani ya ofisi, kaunta. Nje ya bandari kuna vijana wenye vizibao na vitambulisho shingoni watakaonyakua mizigo yenu kabla hamjalipa teksi. Mmoja alituuzia "huduma ya haraka" kwa dola ishirini, akatupeleka kwenye foleni ile ile ambayo kila mtu alikuwa nayo.

La tatu, matapishi. Tulitoka Dar bahari imetulia, watoto wakicheka. Tulipoacha ghuba nyuma, boti ikaanza kupanda na kushuka, na mhudumu akapita na vimfuko akivigawa kimya kimya kama mtu anayejua. Wa miaka tisa alikijaza chake na cha baba yake. Keti nyuma na chini, karibu na dirisha, mtoto aangalie mbali. Asile mayai na chai ya maziwa kabla. Tangawizi mbichi ya kutafuna ilimsaidia mkubwa. Mdogo alilala usingizi tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo ndilo dawa bora.

Pesa je?

Faranga zetu hazibadilishwi kule, zibaki nyumbani. Bebeni dola, noti kubwa na mpya. Cambiste, mbadilisha fedha, wa hapa hukataa noti iliyochanika hata ncha ya ukucha, na wa kule ni ndugu yake: anakataa pia noti za zamani, na noti ndogo anazipa bei mbaya. Tangu 2025 Tanzania imekataza kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo badilini shilingi mapema. Mtoto asishike hesabu: siku ya kwanza wangu waliona maelfu mkononi wakadhani tumetajirika.

Na Kiswahili chetu, watatuelewa?

Watawaelewa, watacheka kidogo, kisha mtakuwa marafiki.

Chakula chetu cha kwanza mjini, wa miaka tisa aliomba mayi ya baridi. Kijana wa mgahawa akasimama na daftari lake, akauliza kwa adabu yote: "Mayai ya baridi? Ya kuchemsha?" Kwetu mayi ni ya kunywa. Kule sikio linakimbilia kwa kuku. Alipoelewa alicheka mpaka akaketi, na kila tulipopita mtaa ule alimwita mtoto wangu Bwana Mayai.

Lakini jambo kubwa ni salamu. Sisi "jambo" tunampa kila mtu, kuanzia askofu hadi muuza makala, yaani makaa. Kule "jambo" imekuwa salamu ya watalii. Ukimwambia muuzaji "jambo", anakujibu Kiingereza, na bei inakuja na Kiingereza chake. Wafundisheni watoto "shikamoo" kabla hamjaondoka. Ndilo neno wanalomwamkia mkubwa, naye anaitikia "marahaba". Wangu hawakuwahi kulitamka maishani. Kitinda mimba alilipenda kiasi kwamba akaanza kuwaamkia paka, na paka wa Mji Mkongwe ni wengi, kwa hiyo tulichelewa kila mahali.

Huko Forodhani, bustani ya mjini mbele ya bahari, mzee mmoja aliwasikiliza wanangu wakigombana, akaniuliza: "Nyinyi Wamanyema?" Nikamwambia hapana, hatutoki Maniema, sisi ni watu wa Katanga. Akatikisa kichwa, akasema ni njia ile ile. Nitalirudia hapo chini.

Mkikwama kabisa, tajeni TP Mazembe. Mbwana Samatta alichezea Lubumbashi miaka mitano, akabeba kombe la klabu bingwa Afrika nasi mwaka 2015, na hakuna dereva wa Zanzibar asiyekuwa na la kusema juu yake. Ila msiseme "nataka Simba" mkidhani mtaletewa bia. Kule Simba ni timu ya mpira, na mtakuwa mmeingia kwenye ugomvi wa watu na Yanga.

Tulale wapi, mjini au ufukoni?

Kote kuwili, na mjini kwanza. Siku mbili Mji Mkongwe zinatosha: vichochoro, milango ya nakshi yenye misumari ya shaba, Ngome Kongwe, Forodhani usiku. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja Desemba 2020. Mtaliona kwa nje. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, mawe ya vichochoro hayakitaki. Mdogo nilimbeba mgongoni kwa kitenge, na wamama wa pale wakanisifu namna ya kufunga.

Kisha ufuko. Hapa ndipo wengi wanakosea, maana wanachagua hoteli kwa picha. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yakitoka yanatoka kweli. Tulifika Jambiani jioni, bahari imejaa, ya kijani, karibu igonge ukuta wa nyumba ya wageni. Asubuhi kitinda mimba alikimbilia nje na chupi peke yake, akasimama ghafla. Mchanga, majani, mashua zimelala ubavu, na bahari ni mstari mweupe mbali kabisa. Akarudi ndani kutuambia kwamba imeibwa.

Mtu wa kwetu amezoea maziwa na mito. Hajaona maji yanayoondoka mara mbili kwa siku na kurudi. Kwa wanaotaka kuogelea saa yoyote, waende kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako maji hayatoki mbali hivyo. Lakini sisi hatukujuta. Maji yakitoka, wanawake wa Jambiani wanaingia kwenye mashamba yao ya mwani, wamefunga kanga kiunoni, wanakagua kamba zilizofungwa kwenye vigingi. Mmoja aliwaita wanangu, akawaonyesha jinsi kipande kidogo cha mwani kinavyofungwa kwenye kamba ili kikue. Mkubwa, ambaye nyumbani haokoti hata kikombe chake, alifunga vipande saa nzima. Wavisheni watoto viatu vya plastiki: kuna vile viumbe vyeusi vya miiba, na mwiba ukivunjikia mguuni hautoki kwa maombi.

Mashamba ya viungo yanafaa kwa watoto? Hawatachoka?

Kama mngekuwa na siku moja tu kisiwani, ningewapeleka huko. Mashamba ya kutembelea yapo Kizimbani, Kidichi na Dole, karibu nusu saa kutoka mjini. Nendeni asubuhi.

Kijana anayewaongoza hasemi jina la mti. Anakata jani, analikunja, anampa mtoto anuse, anauliza: hiki ni nini? Wangu walijua tangawizi na mchaichai. Mdalasini waliujua kwa ganda, lakini akachimba kidogo akawapa mzizi, nao ukanuka kama dawa ile ya kujipaka kifuani ukiwa na mafua. Mti mmoja, harufu mbili. Kungumanga alilipasua: ndani kuna mbegu nyeusi inayong'aa, imevikwa wavu mwekundu kama utepe wa harusi, wavu wenyewe ni kiungo kingine, basbasi. Pilipili manga nyeusi na nyeupe zinatoka kwenye mtambaa mmoja, tofauti ni kuvunwa na kuandaliwa. Mzingefuri ulimfurahisha mkubwa kuliko yote: unafungua tunda lenye manyoya, unagusa mbegu, midomo inakuwa myekundu. Alirudi hotelini amejipaka hadi mashavuni.

Vanila ndiyo niliyoipenda mimi. Ua lake halipati mdudu wa kulichavusha huku kwetu Afrika, linachavushwa kwa mkono, moja moja. Njia inayotumika hadi leo iligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na mtoto mtumwa wa miaka kumi na miwili, Edmond Albius. Nilimwambia mwanangu wa miaka tisa hivyo. Akakitazama kijiti kile kidogo alichopewa, akajaribu, akaharibu ua la watu.

Na karafuu. Hapa tunaijua kama dawa ya jino, tunauziwa punje tano kwenye karatasi. Kumbe ni ua ambalo halijaruhusiwa kufunguka. Vichwa vinachumwa vikiwa vimeanza kupata wekundu, vinatenganishwa na makonyo yake, vinatandazwa kwenye mkeka juani siku kadhaa mpaka viwe kahawia na kuvunjika kwa ukucha. Mvua ikitishia, nyumba nzima inatoka mbio kukunja mikeka. Mti si wa kwao asili. Ulitoka visiwa vya Maluku, huko Indonesia, ukapandwa kwa wingi zama za Sayyid Said, sultani wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja karibu na mwaka 1840. Dhoruba ya 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikapona, na ndiyo maana hadi leo karafuu nyingi zinatoka Pemba.

Mwisho wa ziara kuna mkwezi anayepanda mnazi huku akiimba, kofia za makuti kwa kila mtoto, na sahani ya matunda. Wekeni shilingi ndogo ndogo za bahshishi.

Watoto wangu hawali chochote bila bukari. Nifanye nini?

Ombeni ugali, upo, ingawa wao ni watu wa wali: wali wa nazi, pilau, biriani. Sombe kule wanaita kisamvu na wanaipika kwa nazi, na nitasema kwa sauti ndogo ili mama mkwe asisikie: ni tamu kuliko yangu. Pweza wa nazi mjaribu. Wa miaka minne alikula mkono mzima wa pweza akidhani ni soseji.

Usiku wa Forodhani ni wa urojo. Ni mchuzi wa manjano, mchachu kwa embe na ndimu, ndani yake viazi, bajia, mishkaki, yai, na chipsi za muhogo juu. Mwenzangu alikula bakuli tatu, akaomba aandikiwe jinsi ya kuupika. Juu yake glasi ya juisi ya miwa na tangawizi. Samaki waliopangwa mezani wachagueni mapema jioni, sio saa nne usiku wakiwa wamelala nje tangu alasiri.

Bia?

Hotelini na kwenye baa zenye leseni. Msitembee na chupa mtaani. Nguruwe msiulize.

Sisi ni Wakristo. Mavazi na misa?

Wenyeji karibu wote ni Waislamu. Mjini na vijijini mabega na magoti yafunikwe, ya kuogelea yabaki ufukoni. Kitenge kinatosha kabisa, tena kinapendwa. Misa tulisali Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu, ndani ya Mji Mkongwe, lililojengwa na wamisionari Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19. Misa ya Kiswahili, nyimbo tulizijua nusu.

Habari za utumwa, tuwaambie watoto?

Wambieni. Sisi kuliko watalii wengine.

Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kuna kanisa kuu la Waanglikana. Nje kuna shimo, na ndani ya shimo sanamu za watu watano, shingo zao zimeunganishwa kwa mnyororo wa chuma. Kitinda mimba tulimwacha na baba yake kwenye kivuli. Wakubwa wawili walisimama kwenye ukingo, na yule wa miaka kumi na tatu akauliza: walitoka wapi?

Baadhi walitoka huku. Tippu Tip, ambaye nyumba yake bado inaonyeshwa katika mitaa ya Mji Mkongwe, alijitajirisha kwa pembe na watu wa Maniema, Kasongo na Nyangwe; alifariki Unguja mwaka 1905. Huku kwetu mfalme Msiri wa Bunkeya aliuza pembe, shaba na watu kwa njia za Wanyamwezi zilizoishia pwani hiyo hiyo. Na msafara uliomuua Msiri Desemba 1891 ulikusanya wapagazi wake Zanzibar. Mikarafuu niliyoisifu hapo juu ilipaliliwa na mikono ya watumwa, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja hadi 1897. Kiswahili tunachogombezea watoto wetu jikoni kilipanda kwa njia hizo hizo, kichwani mwa wapagazi na waliofungwa. Yule mzee wa Forodhani alikuwa na haki.

Ndani ya kanisa kuna msalaba wa mti. Umetengenezwa kwa mti uliokuwa Chitambo, Zambia, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Shemeji yangu alipita karibu na hapo kwa basi, baada ya Serenje, amelala.

Sikuwa na maneno mengi ya kuwapa. Mkubwa hakuongea hadi jioni, kisha akaniomba simu atafute Kasongo kwenye ramani.

Kuna nini kingine?

Jozani, msitu wa kima punju, wale wekundu ambao porini hawapo kwingine ila Zanzibar: nusu siku nzuri. Changuu, kisiwa cha kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919: watoto wanawalisha majani. Kilijengwa kiwe jela, kikaishia kuwa karantini ya homa ya manjano, na wangu wakagusa kadi zao. Pomboo wa Kizimkazi tuliwaacha. Boti kumi zikimkimbiza mnyama mmoja, mimi sioni raha yake.

Malaria, maji, jua?

Malaria ni kidogo sana kule kuliko kwetu, lakini laleni kwenye chandarua. Maji ya chupa. Jua la baharini linachoma hata ngozi yetu, msidanganyane. Na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, ile sachet tunayofungia kila kitu isiwe kwenye begi.

Na wale vijana wanaowafuata watu mitaani?

Wenyeji wanawaita papasi, jina la kupe, nadhani mmeelewa. Wengi wanatafuta riziki tu. "Asante kaka, tumeshapata" kwa Kiswahili, bila kusimama, inatosha mara tisa kati ya kumi.

Turudi na nini?

Kombe na matumbawe yaacheni baharini. Miche na mbegu za kupanda pia, hamtaki mazungumzo hayo na watu wa forodha. Nunueni viungo vizima, visivyosagwa, na si kwenye vile vikapu vizuri vya watalii. Nendeni soko la Darajani, wanapima kwa kilo. Vilivyosagwa vinapoteza harufu kabla hamjafika Kasumbalesa, na wengine huviongezea unga.

Karafuu mzijaribu. Bonyezeni kichwa kwa ukucha, mafuta yatoke. Au zitieni kwenye glasi ya maji: nzuri inazama au inasimama wima, kichwa juu, iliyokwisha mafuta inalala ubavu. Tulifanya hivyo juzi mezani, za Darajani katika glasi moja, na zile za kikaratasi cha soko la Kenya katika nyingine. Za Kenya zote zililala. Kitinda mimba akaziambia shikamoo, labda ziamke.